Kutoka picha ya nyota hadi cherehani ya Kariakoo: tathmini ya gauni la marinda

Kwa kijana wa Dar es Salaam anayependa mitindo, njia za kulipata vazi aliloliona kwa nyota ni tatu: kununua nakala iliyokwisha kushonwa, kuchambua mitumba ya soko la Karume mpaka bahati imwangukie, au kumpelekea fundi cherehani picha iliyomo kwenye simu na kumwomba amshonee kama ile. Tathmini hii inahusu njia ya tatu, yaani huduma ya mafundi wa Kariakoo wanaoshona kwa kutazama picha. Naamini kuwa hakuna huduma nyingine ya mavazi katika jiji hili inayompa mteja wa kipato cha kawaida uhuru mkubwa kiasi hicho, ingawa uhuru huo humfaa tu yule anayefahamu ni kitu gani hasa alichokipenda katika picha.

Picha niliyompelekea fundi ni ya Lupita Nyong'o katika hafla ya tuzo za Oscar ya Machi 2014, usiku aliotwaa tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Alivaa gauni la Prada la rangi ya samawati hafifu, lenye shingo ya umbo la V inayoshuka mbali, na kuanzia kiunoni marinda membamba yalifunguka kadiri yalivyoelekea chini. Mwenyewe alieleza kwamba rangi ile humkumbusha Nairobi. Nimelitazama gauni lile kwa miaka, na bado nalihesabu kuwa vazi bora kuliko yote aliyowahi kuvaa mbele ya wapiga picha, kwa sababu ya rangi kabla ya jambo lingine lolote. Wasichana wenye ngozi nyeusi tumezoea kuambiwa na shangazi, na wauza duka, na hata marafiki, kwamba rangi hafifu hazitupendezi na kwamba tujifunge kwenye kahawia, zambarau iliyoiva na nyekundu ya damu ya mzee. Samawati ile ilionyesha kinyume chake, kwamba ngozi nyeusi huibeba rangi hafifu kwa heshima kubwa, maana tofauti kati ya ngozi na kitambaa huwa wazi na kila mstari wa mshono husomeka kwa mbali. Shingo aliiacha tupu bila mkufu, na pambo la kichwani likawa utepe mwembamba tu. Utulivu huo ndio nilioutaka kwa kicheni pati ya dada yangu.

Safari ya vazi kama hilo huanzia kwenye kitambaa, na hapa Kariakoo inastahili sifa zake zote. Wengi huufahamu Mtaa wa Uhuru kwa khanga na vitenge, lakini maduka ya vitambaa vya magauni yamesambaa katika mitaa ya jirani, na mteja mwenye subira hupata krepu, satini, shifoni na lesi za kila daraja. Marinda yana masharti yake, ambayo muuzaji hamwelezi mteja asiyeuliza. Kwanza, marinda yaliyobanana hula kitambaa karibu mara tatu ya upana unaoonekana, kwa hiyo anayenunua mita zilezile za sketi ya kawaida atapata marinda mawili matatu yaliyotengana na atamlaumu fundi bure. Pili, marinda hudumu kwenye kitambaa cha poliesta kwa sababu nyuzi zake hushika umbo zikipashwa joto, ilhali pamba na hariri hupoteza mikunjo zikishafuliwa. Gauni la Lupita halikuwa na haja ya kuhesabu ni mara ngapi litafuliwa, langu linayo. Ndiyo maana nilichagua shifoni ya poliesta iliyokwisha kupigwa marinda kiwandani, ambayo hufika dukani ikiwa na mikunjo yake, na kazi ya fundi ikabaki kuikata na kuiunganisha kiunoni bila kuivuruga.

Kuhusu rangi, ushauri wangu kwa anayekwenda kununua ni kutoka na kipande cha kitambaa hadi nje penye jua. Taa nyeupe za madukani huigeuza samawati hafifu ikaonekana kijivu, na kuna rangi nilizozipenda ndani ambazo barazani zilikuwa za kijani kabisa. Wauzaji wamelizoea ombi hilo na hawalikatai.

Fundi niliyemchagua ni mtu mzima anayeshona kwenye baraza pamoja na wenzake, na sitamtaja kwa kuwa hakuomba kutangazwa. Alichonivutia ni kwamba kabla ya kushika utepe wa kupimia aliniuliza nitavaa viatu vya kisigino gani, swali ambalo mafundi wengi hulisahau na ambalo huamua kama pindo la gauni refu litagusa sakafu au litaburuzika. Alinipima nikiwa nimevaa blauzi nyepesi, akaandika vipimo kwenye daftari lake, kisha tukazungumza kuhusu shingo. V ya Lupita inashuka hadi karibu na kiuno, jambo lisilowezekana mbele ya bibi na mashangazi waliokusanyika kumfunda mwari. Njia rahisi ingekuwa kuipandisha na kuipanua, lakini V fupi na pana hulifanya gauni lifanane na sare ya shule. “Tuiache iende chini, binti yangu, ila tuizibe kwa ndani,” alisema, akakata pembetatu ya kitambaa kilekile na kuishonea nyuma ya V, hivi kwamba mstari mrefu na mwembamba ukabaki huku kifua kikisitirika. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo lililoliokoa gauni zima, na picha isingeweza kumfundisha.

Bitana, yaani kitambaa cha ndani ya gauni, ilikuwa jambo la pili la mjadala. Mafundi wengi hutia bitana ya poliesta kwa kuwa huteleza na ni ya bei nafuu, lakini chini ya shifoni ya poliesta, katika joto la Dar es Salaam lililochanganyika na unyevu wa bahari, mvaaji hulowa kabla chakula hakijaletwa mezani. Niliomba bitana ya pamba nyepesi. Nilitarajia kwamba ingeshikana na sketi na kuuharibu mwendo wa marinda, na kweli sketi haikuteleza sana kama ambavyo ingeteleza juu ya satini. Hata hivyo nilikaa ukumbini jioni nzima kwa raha. Ningeichagua tena bila kusita.

Matokeo yenyewe ni haya. Kiuno kilikaa mahali pake, zipu ya kujificha haikuvimba mgongoni, na mishono ya ndani ilipitishwa ovaloki vizuri, haikuachia nyuzi. Fundi aliacha nafasi ya kutosha kwenye mishono ya ubavuni, kwa hiyo nikinenepa gauni litatanuliwa, na hii ni faida ambayo nguo za viwandani hazinayo. Marinda yalifunguka nilipotembea na kurudi nilipokaa. Kasoro inaonekana pale marinda yanapokutana na mshono wa ubavu wa kushoto, ambapo mikunjo miwili imelala upande usiofaa. Wageni hawakuiona, lakini mimi naiona kila nikilitundika, na kwa gauni la shughuli ningependa fundi angefumua na kurudia.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii ni ahadi. Siku ya kuchukua nguo ilisogezwa, kisha ikasogezwa tena, na ninavyosikia kwa wenzangu hali ni hiyohiyo kwa mafundi wengi, hasa msimu wa harusi, kwa sababu fundi hupokea kazi nyingi kuliko mikono yake ili asimpoteze mteja hata mmoja. Huo ni uungwana usio na faida kwa yeyote. Fundi anayesema wazi kwamba hataweza kabla ya tarehe fulani angeheshimiwa zaidi, na mteja angepanga mambo yake. Udhaifu wa pili ni tamaa ya kuongeza. Nilipofika kujaribu nilikuta ukanda wa vito vya kung'aa umepachikwa kiunoni kama zawadi. Tuliuondoa kwa maelewano mazuri, lakini ilinipasa nieleze kwa kirefu kwamba gauni lile linapendeza kwa vitu ambavyo halina.

Baada ya kuijua huduma hii kwa ndani, nimeanza kuyatazama mavazi ya nyota kwa jicho la cherehani. Gauni jekundu la Ralph Lauren ambalo Lupita alilivaa kwenye tuzo za Golden Globe, Januari 2014, lenye joho linaloshuka kutoka mabegani, linafaa sana kupelekwa Kariakoo: mistari yake ni michache, uzuri wake umo katika ukataji, na krepu nzito nzuri inatosha. Gauni lake la kijani la Gucci, aliloingia nalo tamasha la filamu la Cannes mwaka 2015 akizunguka ili marinda yaruke, linawezekana pia, ingawa mapambo ya maua ningeyaacha. Lakini lile la Calvin Klein la Oscar ya 2015, lililofunikwa kwa lulu zipatazo 6,000, nawasihi wenzangu wasilipeleke kwa fundi yeyote. Lulu za plastiki hulivuta gauni chini, gundi huacha madoa, na mchango wote wa Francisco Costa, aliyelibuni, unageuka kuwa shanga zinazodondoka ukumbini.

Yapo mavazi niliyojifunza kuyapenda bila kutamani kuyavaa. Joho la njano la mbunifu wa China Guo Pei ambalo Rihanna alilivaa mwaka 2015 kwenye Met Gala, hafla ya mitindo ya New York, lilikuwa na uzito wa takriban kilo 25, na kudariziwa kwake kulichukua karibu miaka miwili. Ni kazi ya kuheshimiwa, na nakala yake yoyote ya haraka ni kuidhalilisha. Vivyo hivyo vazi la Versace la Zendaya la hafla hiyohiyo ya 2018, lenye umbo la deraya ya shujaa wa kike, ambalo aliliandaa pamoja na mshauri wake wa mavazi Law Roach. Kinachonifaa kutoka kwa Zendaya na Roach ni mpango wao: nywele, viatu na mkao wa mabega vyote husema jambo moja.

Na tukizungumzia nywele, mwalimu wangu wa kwanza ni wa nyumbani. Flaviana Matata alipokwenda Mexico mwaka 2007 kuiwakilisha Tanzania kwenye Miss Universe, alipanda jukwaani akiwa amenyoa kichwa, akaingia kumi bora. Tangu hapo nimeamini kuwa kichwa ni sehemu ya vazi, si jambo la kushughulikiwa baada ya gauni kukamilika. Lupita alilithibitisha hilo Met Gala ya 2019, alipochomeka vitana vya dhahabu kwenye afro yake kubwa. Kwa gauni langu la samawati nilisuka nywele zangu mwenyewe zikalala kichwani, nikaacha masikio wazi, na sikuhitaji mkufu.

Nakala zilizoshonwa tayari, zinazouzwa kupitia simu kwa picha za nyota wenyewe, sizipendekezi. Kitambaa hakishikiki kabla ya malipo, na iliyomfikia rafiki yangu ilikuwa na marinda yaliyochorwa. Mitumba ni jambo tofauti kabisa: koti la sufu au suruali ya kitani iliyokatwa vizuri hupatikana Karume kwa bei ambayo fundi hawezi kuishindania, na naendelea kwenda. Ila gauni la shughuli lenye kipimo cha mwili wako hulioni huko ila kwa nadra.

Kwa gharama, kitambaa na bitana vilinichukulia fedha nyingi kuliko ufundi, jambo linalonisikitisha kidogo nikikumbuka saa alizokaa yule mzee juu ya pembetatu ya shingo. Nitarudi kwake na picha ya gauni jekundu lenye joho, kabla msimu wa harusi haujaanza, nikiwa na krepu iliyotazamwa juani na viatu nitakavyovaa, na nitamwomba tarehe moja atakayoiandika mwenyewe kwenye daftari lake.