Mfumo wa ESS kwa mwalimu wa shule ya umma: unapofaa na unapokwama

ESS (Employee Self Service), mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma Tanzania ulio chini ya Ofisi ya Rais Utumishi, sasa ndio mlango wa mambo mengi ya mwalimu: likizo, uhamisho, mkopo, tathmini ya kazi. Tumeupima kwa swali moja, kama unampa mwalimu unafuu wa kumfanya aendelee kufundisha pale alipo. Kazi ya fomu umeirahisisha kweli. Kwenye fedha anazodai mwalimu bado uko nyuma. Mkopo unapita upesi, lakini stahiki zinaendelea kufuatiliwa kwa barua.

Kuingia unahitaji cheki namba (namba yako ya utumishi), namba ya NIDA na barua pepe inayofanya kazi. Tumia barua pepe yako mwenyewe, si ya shule wala ya kijana wa stationery aliyekusaidia kujisajili, kwa sababu nywila ikipotea hapo ndipo utakapoirudisha. Jina la NIDA lisipofanana na la ajira, anza na afisa utumishi wa halmashauri kabla ya kuomba chochote. Angalia pia jina la msimamizi wako. Ombi huenda kwa aliyeandikwa humo, na kama ni mkuu wa shule aliyehama mwaka jana, litakaa huko bila mtu kuligusa. Maombi mengi yanayosemwa "mfumo umegoma" yamekwama hapo.

Kabla ya kubonyeza mkopo, shika slipu yako ya mshahara na kalamu. Tuchukue mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000 ili hesabu iwe nyepesi. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ni 5%, yaani 50,000, na kodi hukatwa baada ya hapo kwenye 950,000. Kwa viwango vya sasa, kodi ya 760,000 za kwanza ni 68,000. Zinazobaki 190,000 zinatozwa 25%, yaani 47,500. Kodi hiyo ya mshahara, PAYE, jumla ni 115,500. Bima ya afya ya NHIF 3% ni 30,000. Chama cha walimu, 2%, ni 20,000. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo anakatwa 15%, yaani 150,000. Makato yote ni 365,500 na mkononi zinabaki 634,500. Ukipata tofauti ya maelfu, usiache mwezi upite bila kuuliza.

Slipu ina mambo mengine mawili ya kutazamwa. La kwanza ni daraja. Kwenye TGTS, ngazi za mishahara ya walimu, mwenye cheti huanza B, stashahada C, shahada D. Nyongeza ya mwaka ikitolewa Julai, namba iliyo baada ya nukta husogea, D.1 ikawa D.2. Aliyepandishwa kwa barua na slipu ikabaki vilevile anahesabu malimbikizo tangu tarehe ya barua, kwa hiyo barua hiyo isikae shuleni pekee, iwe na nakala nyumbani na picha kwenye simu. Walioguswa na kusimama kwa madaraja mwaka 2016 kupisha uhakiki wanajua thamani ya karatasi hizo. Wengi wao mserereko, yaani kupandishwa hadi daraja walilostahili kuwa nalo, uliwapandisha baadaye, lakini aliyeweza kueleza historia yake kwa ushahidi ndiye aliyesikilizwa haraka. La pili ni mchango wa mwajiri, 15%, ambao unapaswa kuingia PSSSF pamoja na 5% yako. Fungua PSSSF Kiganjani, huduma yao ya mtandaoni, mara moja kwa mwaka na utazame kama kuna miezi iliyoruka. Pengo hilo ukilikuta na miaka 35 ni la kuandikia barua. Ukilikuta na miaka 59 linachelewesha kiinua mgongo.

Sasa mkopo. Hapa ESS inastahili sifa. Zamani mwalimu wa kata ya mbali alilipa nauli kwenda makao makuu ya halmashauri kusainiwa fomu, na akirudishwa kwa kosa dogo analipa tena. Sasa ombi linapita mtandaoni, na sheria ya theluthi moja inasimamiwa: baada ya makato yote lazima ubaki na theluthi ya mshahara wa msingi. Kwa mfano wetu theluthi ni 333,333, hivyo nafasi ya makato mapya ni kama 301,000 kwa mwezi.

Nafasi hiyo ndiyo kikomo cha juu, wala haimaanishi kwamba ukifika huko utaishi salama. Ukikatwa 300,000 kwa miezi 84 kwa riba ya 13% kwa mwaka, salio likipungua, unapokea kama milioni 16.5 na unarejesha milioni 25.2. Ukifika mwaka wa tatu umeshalipa milioni 10.8, lakini deni limeshuka kwa milioni 5.3 tu, kwa kuwa miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho ni riba. Hapo ndipo simu ya "top up", ya kukuongezea mkopo juu ya deni, inapoingia. Unapewa hizo milioni 5.3 ukiondoa ada na bima, na miezi 84 inaanza upya. Mwalimu akifanya hivyo mara tatu, anafika kustaafu akiwa bado na deni. Kima cha chini cha mishahara ya serikali kilipopanda Julai 2025 kutoka 370,000 hadi 500,000, nafasi ya kukatwa nayo ilipanda, na ongezeko lililopaswa kupunguza ukali wa maisha ni rahisi kuliwa na mkopo mpya kabla halijafika jikoni.

Bado mkopo wa ESS ni bora mara kumi kuliko kausha damu, mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Anayekuomba kadi ya benki na namba ya siri amekuondoa kwenye ulinzi wa theluthi, maana yeye hukomba mshahara ukiwa tayari kwenye akaunti. Na ukimaliza deni la benki, omba mapema barua ya kuthibitisha umelimaliza. Orodha ya malipo hufungwa kabla ya siku ya mshahara, hivyo mwezi mmoja wa ziada unaweza kukatwa, nawe utadai urejeshewe.

Uhamisho mtandaoni ni mzuri kwa anayebadilishana: ngazi moja, na kwa sekondari masomo yanayofanana, kwa sababu hakuna mkurugenzi atakayetoa mwalimu wa Fizikia apokee wa Historia. Asiye na wa kubadilishana naye asubiri kwa subira. Jua pia kwamba ukihama kwa ombi lako, gharama ni zako. Anayehamishwa na mwajiri hudai posho ya usumbufu, 10% ya mshahara wa mwaka, ambayo kwa mfano wetu ni 1,200,000. Usikubali kushawishiwa "uombe mwenyewe" uhamisho ambao ni wa mwajiri. Na hakuna ada ya uhamisho, anayeitaka ni tapeli.

PEPMIS, sehemu ya tathmini ya kazi iliyochukua nafasi ya utaratibu wa zamani wa OPRAS, ndiyo dhaifu kwa mwalimu. Inataka majukumu yaliyogawanywa na asilimia ya utekelezaji, ilhali kusahihisha madaftari 100 ya darasa moja hakuonekani vizuri humo. Jaza kwa vitu vinavyohesabika: mada zilizokamilika, majaribio yaliyosahihishwa, vipindi. Fanya hivyo kila mwezi, si wiki ya mwisho ya Juni mfumo ukiwa umeelemewa.

Kuna wafanyakazi wa shule ambao mfumo huu hauwaoni kabisa. Mpishi wa uji, mlinzi wa usiku na mwalimu wa kujitolea mara nyingi hulipwa kwa michango ya wazazi, hawana cheki namba, hawana slipu. Michango ikichelewa, mlinzi analala bila mshahara na shule inapoteza madawati. Kamati ya shule inaweza kuanza bila kusubiri mfumo: mkataba wa ukurasa mmoja wenye kazi, saa, kiasi na tarehe ya malipo, nakala moja ikae kwa mfanyakazi, daftari la malipo lenye sahihi yake kila mwezi, na usajili NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mchango ni 20% ya mshahara na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake.