Uzoefu wangu: kutuni kompyuta ya injini ya Subaru STI hapa Nairobi

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX STI iliyotoka Japani, umbo la GDB, injini EJ207 ya lita 2.0 na turbo ya IHI VF37. Vilivyoongezwa ni vichache: bomba la eksozi la inchi tatu kuanzia kwenye turbo hadi nyuma, pampu ya petroli ya lita 255 kwa saa, na sensa ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Valvu ya kudhibiti busti, yaani shinikizo la hewa inayosukumwa na turbo, ni ileile ya kiwandani. Huduma ninayoieleza ni kutuni kompyuta ya injini, yaani fundi kuandika upya majedwali ya petroli, moto wa plagi na busti kwa ajili ya gari hili moja. Kazi ilifanyika kwenye gereji ya Industrial Area yenye daino (mashine ya kupima nguvu za gari) ya magurudumu manne. Nimeridhika nayo, na sababu kubwa ni kwamba fundi alianza na hewa ya Nairobi na petroli ya Nairobi. Faili nyingi zinazouzwa mtandaoni, hata zenye sifa nzuri, ziliandikwa kwa ajili ya mahali pengine.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni kama bar 0.82, wakati Mombasa ni 1.01. Geji ya busti husoma kile kinachozidi hewa ya nje, kwa hiyo bar 1.2 kwenye geji ukiwa Nairobi ni bar 2.02 kamili ndani ya manifoldi, na bar 1.2 hiyohiyo Mombasa ni 2.21. Ukiidai turbo ikupe 2.21 ukiwa Nairobi, italazimika kubana hewa mara 2.7, pale ambapo pwani ingebana mara 2.2. VF37 ni turbo ndogo. Ikisukumwa hivyo inazunguka kupita kiasi, hewa inatoka ikiwa moto, na intakula (kipoza hewa) iliyokaa juu ya injini haiwezi kuipoza, hasa ukitoka kwenye foleni ya Mombasa Road. Kompyuta ya kiwandani inalijua jambo hili: ina sensa ya hewa ya nje na jedwali linalopunguza lengo la busti kadiri unavyopanda mlima. Nimeona faili ambazo jedwali hilo limezimwa ili geji isome namba ya kuvutia. Fundi huyu aliliacha likifanya kazi na kuliandika upya. Lengo likawa bar 1.2 kwenye mizunguko 3,800 kwa dakika, likishuka taratibu hadi 1.0 kwenye 7,500.

Petroli ndiyo nusu ya pili ya hesabu. STI za soko la Japani zilipangiwa moto wa plagi kwa petroli ya kule ya daraja la juu, yenye okteni (kipimo cha jinsi petroli inavyohimili kugonga) karibu 100. Super ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ongeza uwezekano wa kukutana na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hushusha okteni zaidi. Ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliowekwa kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 ulilenga uchakachuaji huo. Gari lenye programu ya kiwandani kwa hiyo hukaa likijitetea: kompyuta inasikia injini ikigonga, yaani petroli ikilipuka yenyewe ndani ya silinda, inarudisha moto nyuma (inachelewesha cheche), nguvu zinapotea na joto la eksozi linapanda. Chagua kituo utakachojazia siku zote, jaza hapo, na uende gereji tanki likiwa zaidi ya nusu ili pampu isivute hewa gari likikanyagwa kwa nguvu.

Kabla ya laputopu kufunguliwa kulikuwa na ukaguzi, na hapa ndipo nilipoona wanaijua kazi yao. Waliangalia kompresheni ya silinda zote nne, injini ikiwa na joto, ekseleta imekanyagwa hadi mwisho, betri imejaa, moto na injekta vimekatwa. Kitabu cha gari hutoa namba za usawa wa bahari. Nairobi geji itasoma pungufu kwa karibu moja ya tano, na kuna mafundi wanaohukumu injini nzima kuwa imechoka kwa sababu hiyo tu. Kinachotafutwa ni silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10.

Kisha wakafunga mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye valvu na kuingiza hewa ya kompresa hadi bar 1, huku wakipulizia maji ya sabuni kwenye maungio. Uvujaji hujificha kwenye mipira ya bomba linaloingia intakula, gaskiti ya valvu inayorudisha hewa, na mipira ya injekta. Sensa ya hewa imeshapima hewa hiyo kabla haijavuja, kwa hiyo kompyuta inamwaga petroli kwa ajili ya hewa ambayo haifiki kwenye silinda. Ukituni gari linalovuja, siku mpira utakapobadilishwa hesabu yote itakuwa ya uongo.

Kuna kitu kidogo ambacho magari mengi ya Subaru hukosa: kizuizi chenye tundu jembamba ndani ya mpira unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye valvu ya busti. Mtu akibadilisha mipira hukitupa pamoja na mpira mzee bila kukiona. Bila hicho, valvu ya kiwandani haiwezi kupunguza hewa ya kutosha inayokwenda kufungua mlango wa turbo (unaopitisha eksozi pembeni ili busti isizidi), busti inabaki chini, na mwenye gari anauziwa turbo nyingine bure. Angalia pia kichujio cha wavu ndani ya boliti ya bomba la oili la turbo. Kikiziba, turbo inakauka na kufa, halafu turbo mpya inafuata njia hiyohiyo.

Plagi zilikuwa NGK za ubaridi wa daraja moja zaidi ya za kiwandani, pengo milimita 0.7. Pengo pana likikutana na busti kubwa, cheche hushindwa kuruka na injini inakatakata kwenye mizunguko ya juu. Sensa ya kugonga ilifunguliwa, uso wake ukasafishwa kutu, ikafungwa kwa Nm 24 hivi. Ikilegea au ikiwa na ufa, kompyuta inakuwa kiziwi, au inasikia kelele zisizokuwepo. Sensa ya mchanganyiko iliwekwa kwenye bomba baada ya turbo, upande wa waya ukielekea juu, maana ikilala chini maji ya mvuke huivunja mapema.

Kuandika programu kwenyewe kuna hatari moja kubwa: umeme kupungua katikati ya kazi. Kwenye magari haya huunganishwa plagi mbili za kijani chini ya dashibodi ili kompyuta ikubali kuandikwa, na zikiunganishwa tu, feni na pampu ya petroli huanza kuwaka na kuzima. Betri dhaifu haivumilii hilo. Walitumia chaja muda wote, na betri ya gari ikiwa imejaa kwanza, kwa sababu stima ikipotea Industrial Area chaja inapotea nayo. Kitu cha kwanza kilikuwa kusoma programu ya zamani na kuihifadhi. Kifaa cha kuunganisha laputopu na gari kilikuwa Tactrix OpenPort 2.0, programu ya EcuFlash ikiandika, ya RomRaider ikirekodi.

Walianza na mwendo wa kawaida, ekseleta kidogo. Kompyuta ya Subaru hujifunza kusahihisha petroli kwa asilimia katika ngazi kadhaa za wingi wa hewa, na sahihisho la ngazi ya mwisho huendelea kutumika hata ukikanyaga ekseleta hadi mwisho. Ikiwa imejifunza kupunguza asilimia 8 ukiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, itakupunguzia 8 hizo ukiwa kwenye busti kamili, na hapo ndipo pistoni hutoboka. Kwa hiyo jedwali la sensa ya hewa lilinyooshwa mpaka masahihisho yakawa ndani ya asilimia 3 kila ngazi. Mtu anayeruka hatua hii na kukimbilia daino anajenga juu ya mchanga.

Kwenye daino gari lilivutwa, yaani kukanyagwa kutoka mizunguko ya chini hadi ya juu, kwa gia ya nne, ambayo uwiano wake unakaribia 1:1. Mivuto ya kwanza ilitumia springi ya mlango wa turbo peke yake, moto wa plagi ukiwa umerudishwa nyuma. Mchanganyiko uliwekwa sehemu 11.2 za hewa kwa moja ya petroli kwenye busti kamili. Wengine hupenda 11.5, lakini kwa petroli yetu naiunga mkono 11.2, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza chumba cha moto. Kisha busti ikapandishwa kidogo kidogo, na moto ukaongezwa digrii moja kwa wakati. Fundi alivaa vipokea sauti vilivyounganishwa kwenye bloki ili asikie injini ikigonga kwa masikio yake, huku rekodi ikionyesha marekebisho ya moto ya papo hapo, marekebisho yaliyojifunzwa, na kiwango cha jumla cha moto ambacho kinapaswa kubaki 1. Pale torki (nguvu ya kuzungusha) ilipoacha kupanda aliacha kuongeza moto, ingawa injini ilikuwa haijagonga. Digrii zisizoleta torki huleta hatari tu. Injekta zilifika asilimia 84 ya muda wao wa kufunguka, na ningeomba zisipite 90.

Karatasi ya daino isome kwa makini. Programu nyingi za daino zina kigezo cha kusahihisha hali ya hewa, na kwa mwinuko wa Nairobi kinaweza kuzidisha namba kwa asilimia 20 au zaidi. Kigezo hicho kilitungwa kwa injini zinazovuta hewa zenyewe. Turbo hujirudishia sehemu ya hewa iliyopungua, kwa hiyo gari la farasi 230 kwenye magurudumu linachapishiwa 276 na mwenyewe anarudi nyumbani akitamba. Dai karatasi isiyosahihishwa, na linganisha mvuto wa kabla na wa baada kwenye daino hiyohiyo, siku hiyohiyo. Gereji hii ilinipa zote mbili bila kusukumwa. Daino ya magurudumu mawili usiikubali kwa STI. Itaharibu difu ya katikati.

Walikataa kuweka programu ya kulipualipua eksozi, na nawapongeza. Milipuko ile hutokana na petroli kuwaka ndani ya bomba baada ya moto kucheleweshwa mno; inachoma valvu za eksozi na mabawa ya turbo.

Nililolikosa ni mpango wa Mombasa. Nilipouliza, jibu lilikuwa kwamba kompyuta itajirekebisha yenyewe, nalo halitoshi. Springi ya mlango wa turbo hupima tofauti na hewa ya nje, kwa hiyo ukishuka pwani na geji ileile, hewa inayoingia kwenye silinda hupanda kutoka kama gramu 2.1 hadi 2.3 kwa kila mzunguko. Hizo ni safu za jedwali ambazo daino ya Nairobi haikuzigusa hata mara moja, na joto la Mombasa linazidisha hatari. Baada ya kusisitiza, walipunguza moto digrii 3 kwenye safu hizo na kushusha kikomo cha kukata petroli busti ikizidi. Liseme mapema, kabla hujalipa. Bei yao ilikuwa kwenye maandishi, ikitenganisha ukaguzi, saa za daino na programu, pamoja na marekebisho ya bure baada ya rekodi za barabarani. Nakala ya programu mpya na ya zamani nilipewa. Gereji inayofunga kompyuta ili mwingine asiisome inakufanya mfungwa wake, na singelipa.

Baada ya kuandikwa upya, kompyuta huanza kwa tahadhari na kiwango cha moto cha karibu nusu, kikipanda polepole kadiri isivyosikia injini ikigonga. Kwa hiyo gari huonekana zito mwanzoni. Endesha kawaida kwanza. Kisha rekodi mvuto mmoja mahali salama, na rudia kila ukijaza petroli kwenye kituo usichokizoea. Kiwango kikishuka chini ya 1, usikanyage ekseleta hadi mwisho mpaka tanki hilo liishe.