Boksi la kubakiza hewa ya draya ndani ya nyumba: mtu wa Dar usinunue

Kama unakaa Dar na draya yako ya kukaushia nguo ni ile ya kutoa hewa kwa bomba la nyuma, kuna kitu utauziwa pamoja nayo: boksi la plastiki, kubwa kama ndoo ndogo. Unalijaza maji hadi kwenye mstari, unachomeka bomba la draya juu yake, na hewa ya moto inatokea kwenye matundu ya mfuniko na kubaki humo humo ndani. Muuzaji atakwambia huna haja ya kutoboa ukuta. Hapo ndipo wanapotunasa, maana wengi wetu tunaokaa ghorofani ni wapangaji, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa. Langu nilinunua Kariakoo. Duka silitaji.

Nianze kwa kulipatia haki yake. Plastiki ni nene, klempu (vibano vya kukazia bomba) ni za chuma, na bomba la inchi 4 linakaa vizuri kwenye mdomo wa draya. Na huko lilikobuniwa wazo lenyewe lina mantiki. Kwenye baridi ya Kanada au kaskazini mwa Marekani, hewa ya nje ikiwa nyuzi 0, mita moja ya ujazo inabeba gramu 5 tu za mvuke, basi. Iingize ndani, ipashe hadi nyuzi 20, sasa inaweza kubeba gramu 17, lakini mvuke uliomo ni ule ule wa gramu 5. Ndiyo maana nyumba zao wakati wa baridi ni kavu mpaka midomo inapasuka na samani za mbao zinaachia, na watu wananunua mashine za kuongeza unyevu. Draya nayo inatupa nje joto la kilowati 2 na zaidi pamoja na lita kadhaa za maji yaliyogeuka mvuke. Vyote viwili wanavihitaji. Kwa hesabu hiyo ningelipatia nyota tatu bila kinyongo.

Sasa lilete Dar.

Nguo kilo 6 zilizokamuliwa kwenye mashine kwa mizunguko 1,000 kwa dakika zinatoka na maji kama lita tatu na nusu. Maji hayo yote draya inayageuza mvuke, na kwa boksi hili mvuke wote unaingia chumbani kwako. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 2.7. Hewa ya Dar kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, siku ya kawaida kabisa, imeshabeba gramu 23 kwa kila mita ya ujazo, na inajaa ikifika 30. Nafasi iliyobaki kwenye chumba kizima ni kama robo lita. Umemwaga lita tatu na nusu. Zinazobaki zinaenda wapi? Ukutani, kwenye vigae, nyuma ya friji, ndani ya kabati la MDF, ile mbao ya unga wa mbao uliogandamizwa, ambalo kingo zake zinavimba na hazirudi tena. Mimi niliyakuta maji yamejipanga matone matone juu ya kifuniko cha soketi. Soketi ya umeme, jamani. Na juu ya friji kulikuwa na utando wa kijivu unaonata, mchanganyiko wa mvuke na vinyuzi vya nguo vilivyopita juu ya maji ya boksi bila kuzama.

Hivyo vinyuzi ndivyo vilivyoua draya. Maji ya boksi yanatakiwa kunasa vinyuzi, na vile vikubwa kweli yanavinasa. Vidogo vinapanda na mvuke hadi kwenye matundu ya mfuniko, vinalowa hapo, vinashikana, na baada ya nguo chache tu unakuta tope la kijivu limeziba nusu ya matundu. Maelekezo yanasema badilisha maji kila unapokausha. Kuhusu kusugua matundu, hakuna neno. Hewa ikikosa pa kutokea inarudi nyuma, joto linapanda karibu na elementi inayopasha hewa, na fyuzi ya joto inakatika. Ikishakatika ngoma inazunguka, mlio ni ule ule, ila nguo zinatoka baridi na mbichi. Fyuzi hiyo ni ya mara moja, ikikata ni kununua nyingine.

Fundi wa duka alikuja, akabadilisha fyuzi, akatazama ukuta unaotiririka, akasema: "Dada, we fungua dirisha tu, unyevu utatoka wenyewe." Nikamwonyesha matundu yaliyoziba. Akarudia lile lile, safari hii polepole, kama anamfundisha mtoto, akaongeza kwamba shida ni umeme wa Dar. Halafu akadai hela ya fyuzi na ya usafiri. Pole hakutoa, na mfuniko hata hakuufunua kuangalia.

Nataka kulijibu hilo la dirisha kwa utaratibu, maana wauzaji wengi wanalo mdomoni na wateja wanalikubali.

Kwenye nchi ya baridi, kufungua dirisha dakika chache kunafanya kazi. Kila mita ya ujazo inayoingia, ikishapata joto, ina nafasi ya gramu 12 za kubeba. Dar wakati wa masika, ambao ndio wakati mtu anahitaji draya, hewa ya nje iko nyuzi 27 na unyevu unafika asilimia 90. Nafasi yake ni gramu 2 au 3. Unafungua dirisha ili unyevu utoke, na hewa unayoikaribisha inakuja na mzigo wake. Joto la draya linaongeza nafasi kidogo, nakubali, lakini ukuta na vigae havipati joto hilo kwa haraka, na mvuke unagandia hapo hapo. Tena mvua ikinyesha kwa upepo wa kutoka baharini, nani anafungua dirisha? Na vyumba vingi vya kufulia kwenye ghorofa zetu vina dirisha moja dogo linalotazama shimo la katikati ya jengo, upepo haupiti. Ukiwa na madirisha mawili yanayotazamana na upepo unapita barabara, sawa, mvuke utaondoka. Lakini ukifika hapo joto nalo limeondoka, na boksi halina kazi yoyote iliyobaki. Ungechomeka bomba dirishani ukamaliza.

Kuna na wale wanaosema washa AC. Draya ya kilowati 2.2 ikimwaga hewa yake ndani inakuletea mzigo wa karibu BTU 7,500 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto kinachoandikwa kwenye AC). AC ya BTU 9,000, ambayo ndiyo iko vyumbani kwa wengi, inaliwa karibu yote na draya peke yake. Unalipia yuniti za kugeuza maji kuwa mvuke, halafu unalipia yuniti nyingine AC iugeuze mvuke kuwa maji yatoke kwa kile kibomba cha nje. Draya ya namna hii yenyewe inakula yuniti 3 hadi 4 kila ikijazwa, na hewa inayovuta ikiwa ni ile ile yenye mvuke wake, nguo zinachelewa kukauka na hesabu inapanda. Aliye kwenye LUKU ya matumizi madogo, ile ya yuniti 75 kwa mwezi, atatolewa humo kabla hajajua kimempata nini.

Nilisema nyota tatu kwa watu wa baridi. Nazipunguza. Hata kwao lita tatu na nusu ni nyingi mno kwa nyumba iliyofungwa vizuri. Madirisha yao ni baridi, mvuke unagandia kwenye vioo na kwenye pembe za kuta za nje, na ukungu unaota hapo. Kanuni za ujenzi za Marekani zinataka hewa ya draya ya kawaida itolewe nje ya jengo, na vitabu vya draya nyingi vinakataza kabisa kuirudisha ndani. Na iwe nchi gani, draya ya gesi isifungwe boksi hili hata kwa dakika moja. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu na inaua.

Nilifikiri pengine ndugu zetu wa Makete au Njombe lingewafaa, mwezi wa sita na wa saba baridi inapowabana. Joto wangelifurahia. Lakini nyumba za kule hazipashwi moto kama za Ulaya, kuta ni baridi usiku kucha, na mvuke wa moto ukikutana na ukuta baridi unakuwa maji saa hiyo hiyo. Hapana. Nao wasinunue.

Haya, aliyekwisha nunua draya ya bomba afanye nini?

Hewa itoke nje, basi. Kama dirisha lako ni la luva, zile za vioo vya kulala zilizojaa kwenye ghorofa za zamani za Upanga, chomoa vioo viwili au vitatu, weka kipande cha plaiwudi ngumu au plastiki ngumu chenye tundu la milimita 100, pitisha bomba. Ukihama unarudisha vioo vyako na mwenye nyumba hana la kusema. Kama ni la aluminiamu la kusukuma, fundi wa aluminiamu anakata kibao cha upana wa sentimita 15 hivi, urefu wa reli yote, kinakaa kwenye mfereji na dirisha linafungwa likikibana. Wavu wa mbu utoboe mahali bomba linapopita, na ukingo wake uufunge kwa gundi ya silikoni. Usielekeze bomba lipulize kupitia wavu. Vinyuzi vitauziba, na hapo umerudi kwenye shida ile ile ya matundu ya boksi. Mdomo wa nje uwe na kifuniko chepesi kinachofunguka kwa hewa na kujifunga draya ikizima. Mbu na mende hawapiti, vinyuzi vinapita.

Bomba lenyewe liwe fupi uwezavyo, na la chuma linalokunjika kidogo badala ya lile la karatasi ya fedha lenye mikunjo mingi, kwa sababu kila mkunjo ni kitanda cha vinyuzi na vinyuzi vinawaka moto haraka. Viungo vifunge kwa klempu na tepu ya aluminiamu. Skrubu hapana, ncha yake ikiingia ndani inanasa vinyuzi. Lilaze likishuka kidogo kuelekea nje ili mvuke unaogeuka maji ndani yake usirudi kwenye draya. Acha nafasi nyuma ya mashine, maana ukiisukuma hadi ukutani bomba linabonyea na umejinyonga mwenyewe. Filta ya mlangoni isafishwe kila unapokausha.

Fyuzi ikikata tena, chomoa plagi kwanza, ndipo uipime kwa mita ya fundi ikiwa kwenye omu. Nzima inasoma karibu sifuri, iliyokatika haisomi kitu. Fundi akikwambia anairuka kwa waya ili "usisumbuke tena", mtoe nyumbani kwako. Fyuzi hiyo ndiyo inayozuia vinyuzi visishike moto.

Kabla ya draya, kamua nguo mara ya pili kwa mizunguko 1,200 kama mashine yako inafika. Kutoka 800 hadi 1,200 unaondoa karibu lita nzima kwenye nguo kilo 6. Kuikausha lita hiyo kwa joto kunakula karibu yuniti nzima, kuikamua kunakula sehemu ndogo sana ya yuniti.

Ambaye hajanunua na hana pa kupitisha bomba, atafute draya ya kukusanya maji kwenye tangi, hasa ya pampu ya joto, inayotumia joto lake tena badala ya kulitupa. Bei inauma, sikatai. Lakini maji unayamwaga mwenyewe kwenye sinki badala ya kuyakuta nyuma ya kabati, na umeme wake mara nyingi ni nusu au pungufu ya ile ya bomba. Chumba bado kitapata joto kidogo, feni inatosha.

Boksi nimelirudisha dukani na risiti yangu ya EFD, wakakataa kwa sababu "limeshalowa". Kitu cha kutiwa maji, kinakataliwa kwa kuwa kimelowa! Kwa hiyo ni nyota moja, na ningeweza kuiondoa hiyo pia ningeiondoa. Anayeuziwa hili boksi mwezi huu amwambie muuzaji amwandikie kwenye risiti kwamba linafaa kutumika ndani ya chumba kilichofungwa Dar es Salaam. Akikataa kuandika, acha boksi hapo kaunta, chukua bomba na klempu peke yake.