Lysander ya upelelezi na Lysander ya kazi za siri

Ndege ya Kiingereza ya Westland Lysander, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936, ilibuniwa iwe jicho la majeshi ya nchi kavu. Aina ya Mk I na ya Mk II zilitofautiana hasa kwa injini, ya kwanza ikitumia Mercury na ya pili Perseus, na zote zilikuwa na bunduki za rashasha ndani ya vifuniko vya magurudumu. Zilipokabiliana na Wajerumani huko Ufaransa mwaka 1940 zikiwa na mwendo mdogo na ulinzi hafifu, ziliangushwa kwa wingi mno.

Mk III ya kazi za siri, kwa maoni yangu, ndiyo iliyoipa Lysander heshima yake. Ilifungiwa ngazi ubavuni, upande wa kushoto, ili majasusi wapande na kushuka upesi, na chini ya tumbo ikawekewa tangi la ziada la takriban lita 680. Usiku wa mbalamwezi marubani walitua katika mashamba ya Ufaransa, wakiongozwa na taa chache za tochi tu.

Kwa anayetaka kuziona leo, Lysander ya Old Warden, Uingereza, bado inaruka ikiwa na ngazi na tangi, ingawa iliundwa Kanada. Ile ya Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza hairuki, lakini ilitumika kweli katika Kikosi cha 161 kilichofanya safari hizo, na mimi ningeanza na hiyo.