Chakula cha jioni kwenye hoteli ya kale inayopika bia yake yenyewe: uzoefu wangu

Kilichotupokea kwanza ni harufu. Dada yangu alisukuma mlango mzito wa mbao, na kabla hatujaona mtu ikatujia harufu ya kimea kinachopikwa, tamu na nzito, kama ya uji unaokaribia kuiva. Tulibahatika kufika siku ya kupika. Kama na wewe unaweza kuchagua siku, piga simu mapema uulize wanapika lini, kisha uende siku hiyo.

Jengo lilikuwa hoteli kwa miongo mingi, likafungwa, likakaa tupu hadi lilipokarabatiwa. Nilikwenda na wasiwasi kidogo. Nimeshakula kwenye majengo ya kale ambayo ukarabati wake ni rangi mpya na picha chache za zamani ukutani, basi. Hapa wamefanya kazi ya subira. Kaunta ya mapokezi ipo palepale ilipokuwa, na nyuma yake vimebaki vile visanduku vya kuwekea funguo za wageni, kila kimoja na namba yake ya shaba. Siku hizi vinawekwa glasi. Namba 14 imesuguliwa hadi inakaribia kufutika, na nilisimama pale nikiwaza ni mikono mingapi imepita. Vidato vya ngazi vimelika katikati na kubonyea, na hakuna aliyevibadilisha. Hata plasta ni ya chokaa, kama ilivyokuwa. Hilo lilinifurahisha sana, maana matofali ya kale hayapatani na saruji: saruji hufungia unyevu ndani, ukuta ukaanza kumeguka, wakati chokaa huuacha ukuta upumue.

Matangi yako nyuma ya kioo, mahali palipokuwa chumba cha kufulia nguo cha hoteli. Nilimuuliza mhudumu kwa nini hawakuyaweka kwenye ukumbi wa dansi wa juu, ambao ni mzuri zaidi. Jibu lake lilikuwa la maana: tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito unaozidi tani moja, na sakafu ya mbao ya ghorofani haikujengwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Chumba cha kufulia kilikuwa chini, sakafu ngumu, na mifereji ya maji tayari ipo.

Tukapewa meza karibu na kioo, na huko nikatumia muda mrefu nikitazama badala ya kusoma menyu. Kimea kilichosagwa hulowekwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68 hivi kwa muda wa saa moja, wanga ukageuka sukari. Maji hayo matamu huchujwa, huchemshwa na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hupozwa haraka, kisha hutiwa hamira. Tulifika wakati wa kutoa machicha ya kimea: kijana aliyevaa buti za mpira alikuwa ameinama kwenye mlango wa tangi akiyavuta kwa koleo, mvuke ukimfunika hadi mabegani.

Niliomba glasi nne ndogo za kuonja, na ninakushauri uanze hivyo. Ya ngano ilikuwa laini, ya kawaida. Ile ya hopsi nyingi ilikuwa bora kuliko yoyote niliyowahi kunywa kutoka kwenye chupa, na sababu si siri. Harufu ya hopsi huanza kufifia tangu siku bia inapofungwa, na joto na hewa huiharakisha. Hapa bia inatoka tangini kwenda kwenye bomba, hatua chache tu. Lakini iliyonishika zaidi ni pilsna. Aina hiyo ilizaliwa mji wa Plzeň, katika Cheki ya leo, mwaka 1842, na ni bia isiyo na mahali pa kujificha. Ni nyepesi, ya rangi ya dhahabu, na kosa dogo lolote linaonekana mara moja. Hamira yake hufanya kazi kwenye ubaridi, kisha bia hulazwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri. Kwa sehemu ndogo kama hii, bia kulikalia tangi moja wiki zote hizo ni gharama halisi. Hawakukata njia ya mkato. Kila nilipopiga funda, povu liliacha pete nyeupe kwenye glasi, pete juu ya pete hadi chini.

Ya mwisho, stauti, yaani bia nyeusi, ililetwa baridi mno. Sikusikia ladha yoyote ila ubaridi. Niliishika glasi kwa viganja vyote viwili kama dakika kumi, na polepole ikafunguka: kahawa, chokoleti chungu, mkate uliobabuka. Hakuna kahawa ndani yake, ni shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi. Bia nzuri kiasi hicho ingefaa iletwe ikiwa kwenye nyuzi kumi na kitu, mteja asilazimike kuipasha mwenyewe.

Dada yangu hanywi pombe, na kwa kawaida mahali kama hapa huishia na soda ya chupa. Safari hii aliletewa kinywaji cha tangawizi wanachokitengeneza wenyewe, kikali, chenye ndimu, akaongeza cha pili. “Mdogo wangu, leo sikuletwa kukusindikiza tu,” aliniambia. Kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko nyingine zote za jioni ile.

Chakula kilikuwa na kupanda na kushuka. Mkate ni wa machicha yaleyale, mzito, una vipande vya maganda unavyovisikia menoni, na ukipakwa siagi yenye chumvi utamaliza kikapu kabla chakula chenyewe hakijafika. Samaki wa dada yangu alikaangwa kwenye unga uliokorogwa kwa bia. Gesi ya bia huufanya ule unga uwe mwepesi, ukauvunja kwa uma ukasikia mlio. Nyama yangu ya mbavu iliyopikwa kwa stauti ililainika vizuri, ila mchuzi ulikuwa mchungu. Bia ikichemka hadi ikapungua, uchungu wa hopsi hubaki wote na kujikusanya, na mpishi anayejua bia yake angeitia mwishoni au angeisawazisha kwa karoti na vitunguu vingi. Tena sahani yangu ilifika dakika ishirini kabla ya yake. Nilimngoja, nyama ikapoa. Tulimweleza mhudumu, akaomba radhi bila kutafuta visingizio na kutuletea mkate mwingine wa moto.

Mambo mawili ya kujua kabla hujaenda. Ukumbi mkuu una dari refu na sakafu ya mawe, na ukijaa, kuanzia saa mbili usiku, mnalazimika kupaza sauti kama mko sokoni. Na vyoo viko ghorofa ya chini, unashuka kwa ngazi, lifti ya zamani ikiwa imebaki ya kutazamwa tu. Dada yangu ana goti bovu, akashuka kidato kimoja kimoja akishikilia ukuta, na hapo sikufurahi hata kidogo. Waliorudisha kila namba ya shaba mahali pake wangeweza kuweka choo kimoja ghorofa ya mlangoni.

Tutarudi mwezi ujao, na nimeshaweka nafasi. Meza nzuri ni ile iliyo kati ya kioo cha matangi na visanduku vya funguo, kwa kuwa ukuta mnene unazuia kelele za ukumbini. Iombe kwa kuitaja hivyohivyo, fika kabla ya saa kumi na mbili, na uwaambie stauti isitoke kwenye friji.