Bendera au taa: kayaki ionekane vipi na boti za injini?

Kwenye kayaki, mtumbwi mwembamba wa kupiga kasia, kichwa chako kiko takriban mita 1 tu juu ya maji. Boti ikianza kushika kasi, pua huinuka na kumziba nahodha macho. Mchana naipendelea bendera ya rangi ya chungwa kwenye ufito mrefu: bei nafuu, haina betri, hupepea juu ya mawimbi. Jua huipausha, basi.

Giza likiingia ni kitambaa tu. Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano ya vyombo baharini zinamtaka mpiga kasia awe angalau na tochi nyeupe tayari, aiwashe mapema kuepusha mgongano. Taa ni ghali zaidi, na maji yakipenya betri huoza. Unarudi alasiri? Bendera yatosha. Wavuao samaki alfajiri, taa.