Bucha la nyamapori Dodoma: nyama safi, risiti mkononi

Nimekulia Manyoni, jirani na Pori la Akiba Rungwa. Kule kitoweo cha porini kilikuja usiku kwenye gunia, na kila mlaji alijua askari wa wanyamapori wakitokea ni kesi ya nyara za serikali. Ndiyo maana bucha hili nalisifu kwa moyo wote. Leseni imebandikwa ukutani, muuzaji anakuambia mnyama katoka wapi kabla hujauliza, na risiti unapewa. Itunze hiyo risiti hadi ufike nyumbani! Kanuni za mwaka 2020, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, ndizo zilizofungua njia ya biashara hii.

Nilichukua nyati. Nyama nyekundu sana, haina mafuta, nyuzi zake nene, usiikimbilie kuikaanga. Ichemshe taratibu kwa tangawizi na kitunguu saumu mpaka ilainike, ndipo uiunge.

Kasoro ni ukataji. Nyama inatoka kwenye friji imeganda, inapigwa msumeno, unga wa mifupa unabaki umeganda juu yake. Waioshe, au watuuzie steki. Bei imezidi ya ng'ombe, lakini nitarudi, hasa wakileta pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala.